Tunangojea Nini Mlangoni pa Chumba cha Meno?

Katika parokia yetu liko neno moja ambalo sisi makatekista tunalisikia karibu kila juma, baada ya misa na hata katika mikutano ya shirika. Watu wanasema: "Kule hospitalini kung'oa jino ni kazi ya dakika kumi. Mbona wanatukalisha kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane?" Na mwingine anaongeza: "Yule bwana wa sokoni hanikalishi. Ninafika, ninafungua kinywa, ninalipa, ninakwenda zangu shambani." Neno hili si la mzaha, maana kwa ajili yake watu wanaondoka kwenye benchi na kwenda sokoni na jino lao. Kwa hiyo tumeona vema kuandika juu ya mambo yanayofanyika nyuma ya ukuta, wakati sisi tumekaa mbele tunanung'unika.

Sisi tunaoandika hapa hatukusomea uganga. Seminarini tulifundishwa Kilatini na mambo mengine mengi, lakini juu ya meno hatukufundishwa hata neno moja. Ila kazi yetu ya kusindikiza wagonjwa imetupeleka mlangoni pale mara nyingi, na mara moja Sista anayesimamia chumba cha meno alitupa ruhusa ya kuingia chumba cha nyuma. Tulikaa humo siku nzima tukiuliza maswali kama watoto wa katekisimu.

Chumba cha mbele kila mtu anakijua: kiti kirefu, taa, ndoo ya kutemea mate, na ile harufu ya dawa ambayo inamtoa mtu jasho kabla hajaguswa. Chumba cha nyuma hakijulikani. Humo anakaa mzee mmoja ambaye kazi yake ni vyombo tu. Hang'oi jino la mtu, hachomi mtu sindano, na wagonjwa wengi hawajapata kumwona uso. Wafanyakazi wenzake wanamwita Baba Vyombo, naye anapenda kuitwa hivyo. Siku ile wagonjwa walikuwa 19. Mafungu ya vyombo yalikuwa manane. Katika kila fungu mna kioo kidogo cha kutazamia, chuma chembamba cha kupimia shimo la jino, koleo, na kile chuma cha kuinulia mzizi. Basi hesabuni wenyewe. Vinywa vinane vinapita upesi, kisha kazi yote inasimama mpaka vyombo vile vimeoshwa, vimepikwa na kukauka. Tulitazama saa: tangu chombo cha kwanza kutumbukizwa katika maji ya sabuni mpaka kifurushi kurudi mezani kwa Sista, saa mbili na zaidi kidogo.

Wengi wanadhani kwamba kazi kubwa hapo ni moto. Baba Vyombo alikataa. Alituambia: "Mwalimu, moto hauoshi, moto unapika. Ukipika uchafu, utapata uchafu uliopikwa." Damu na mate vikikaukia juu ya chuma hufanya gamba, na ndani ya gamba hilo vijidudu hujificha kama mchwa ndani ya kichuguu. Mvuke unagusa gamba, haugusi kilichomo. Kwa sababu hiyo vyombo vinawekwa majini mara tu vinapotoka kinywani, visipate nafasi ya kukauka. Mzee anavaa glavu nene za mpira, si zile nyembamba za Sista, anavaa na miwani na aproni, halafu anasugua kila chuma kwa burashi. Anasugua kikiwa ndani ya maji, hakiinui juu, ili matone yasimrukie machoni. Koleo analifungua na kulifunga, kwa maana damu hupenda kukaa pale penye msumari wa katikati. Kisha anasuuza, anakausha kwa kitambaa safi, na kutazama kila kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Siku ile alirudisha makoleo mawili kwenye beseni. Sisi tulipoyatazama hatukuona kitu. Yeye aliona.

Tulimwuliza juu ya javeli, maana katika nyumba zetu javeli inasifiwa kuwa inaua kila kitu. Alisema kwamba javeli ni nzuri kwa sakafu, kwa ndoo ya kutemea na kwa damu iliyomwagika. Lakini damu ikiwa nyingi inaila nguvu yake, na chuma kikikaa ndani yake kinaoza na kupata vishimo, na kila kishimo ni nyumba mpya ya vijidudu. Kwa hiyo mtu anayelowesha koleo katika kikombe cha javeli, akalifuta kwa kitambaa na kuliingiza katika kinywa kingine, ameharibu koleo lake, na mgonjwa hakupata faida.

Sasa tuje kwenye moto wenyewe, kwa sababu hapa watu wa milimani kama sisi tuna jambo letu la pekee. Mama zetu wanajua kwamba maharagwe ya huku yanachelewa kuiva kuliko ya kule bondeni. Sababu ni hewa. Mtu akipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Kando ya bahari maji yanachemka yakifika digri 100. Hapa Kivu, kwenye urefu wa mita 1,500 hivi kama Bukavu na Goma, yanachemka kwenye digri 95. Hata ukizidisha makala namna gani, maji ya sufuria isiyofungwa hayatapita hapo, yatakwisha tu. Kuchemsha namna hiyo kwa dakika 20 kunaua vijidudu vingi, hatukatai, na penye shida ni afadhali kuliko kutofanya lolote. Lakini viko vijidudu vinavyojifunga ndani ya ganda gumu kama mbegu. Kile cha pepopunda ni cha namna hiyo. Mbegu hizo zinaweza kuchemka majini na kutoka zikiwa nzima, kisha zikiingia katika nyama iliyochanika zinaamka.

Katika mwaka 1679 Mfaransa mmoja, Denis Papin, alionyesha watu wa London chungu chenye kifuniko kilichofungwa kwa nguvu, mvuke usipate njia ya kutoka. Alikusudia kulainisha mifupa ili iliwe. Miaka 200 baadaye, katika 1879, Charles Chamberland, aliyefanya kazi pamoja na Pasteur mjini Paris, alitumia akili ileile ya chungu kilichofungwa kwa kuua zile mbegu ngumu ambazo maji ya kuchemka yalishindwa kuziua. Hicho ndicho otoklavu. Mvuke ukibanwa unapanda moto kupita maji ya kawaida. Ukifika digri 121, ukakaa hapo dakika 30 kwa vyombo vilivyofungwa ndani ya kitambaa au karatasi, mbegu zile zinakufa.

Otoklavu ya Baba Vyombo ni chungu kizito cha aluminiamu, chenye saa ya kupimia nguvu ya mvuke na misumari ya kukaza kifuniko. Umeme ukiwapo anakiweka juu ya jiko la umeme. Usipokuwapo, na mara nyingi haupo, anakiweka juu ya mbabula yenye makala. Hapo tuliona mambo matatu ambayo mtu wa haraka angeyaruka yote. La kwanza, alipoona mvuke unatoka hakufunga tundu mara moja. Aliuacha utoke kwa nguvu dakika kadhaa, maana hewa ikibaki ndani inakaa kati ya vifurushi kama blanketi, na mahali pale moto haufiki sawasawa, ijapokuwa saa inaonyesha vizuri. La pili, hakuanza kuhesabu dakika wakati wa kuwasha moto. Alianza sindano ya saa ilipofika alama yake. Na alama hiyo, alitufundisha, kwetu milimani lazima iwe juu kidogo kuliko ile iliyoandikwa na watengenezaji kwa watu wa pwani, kwa sababu ileile ya hewa nyepesi. La tatu, baada ya dakika 30 hakukimbilia kufungua. Alitoa mvuke polepole, akaacha vifurushi vikauke ndani. Kifurushi kikitoka kimelowa, vijidudu vya mkononi na vya mezani vinapita katika kitambaa kilicholowa kama maji yanavyopita katika kikapu, na kazi yote imekuwa bure.

Wakati huo, nje kwenye benchi, watu walikuwa wanagonga mlango.

Hapo inafaa tuseme wazi. Wafanyakazi wa namna hii hawashindwi kwa kukosa akili. Wanashindwa kwa sababu ya kelele zetu, bei ya makala, na mkubwa anayetaka kuona hesabu ya wagonjwa ikipanda. Ni rahisi sana kupunguza dakika 30 ziwe 15. Mgonjwa hatajua. Koleo litang'aa vilevile. Juu ya kila kifurushi mzee anabandika ukanda wa karatasi wenye mistari inayogeuka kuwa myeusi kwa joto, na huo ni msaada, lakini kwa kawaida unasema tu kwamba kifurushi kimepita katika moto. Hausemi kwamba kilikaa muda uliotakiwa. Kwa kujua hilo kuna kichupa chenye mbegu za kijidudu kigumu sana kisichodhuru watu: kinawekwa ndani pamoja na vyombo, kisha kinatunzwa mahali pa joto. Mbegu zikiota, chungu kimeshindwa. Vichupa hivyo vinaagizwa kutoka mbali, na Sista anavitunza kwa uchoyo kama mishumaa ya Pasaka.

Sasa yule bwana wa sokoni. Hatumchukii. Ni mtu mpole, mkono wake ni mwepesi, na wazee wengi wanamshukuru kwa usiku waliolala bila maumivu. Ana makoleo mawili na kikombe cha kanyanga, na baada ya kila mgonjwa anachovya koleo katika kanyanga na kulifuta. Ukimwuliza, atakujibu: "Miaka kumi na zaidi ninafanya kazi hii, nani amekufa mikononi mwangu?" Na kweli, hakuna aliyekufa mikononi mwake. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kuwaeleza watu.

Fikirini juu ya homa ya ini ile inayoitwa B. Kirusi chake kinaweza kukaa siku saba juu ya kitu kikavu, juu ya meza au juu ya chuma, na bado kikawa na nguvu ya kumwingia mtu. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho inatosha. Kikiingia leo, ugonjwa unaweza kuonekana baada ya mwezi mmoja, au miezi mitatu, au hata sita, na wengi hawaoni kitu chochote. Watu wazima walio wengi, mwili wao unakishinda. Lakini wengine wanabaki nacho maisha yao yote, na baada ya miaka 20 au 30 ini linakauka au linaota kansa. Mtu huyo tumbo likianza kuvimba, nani atakumbuka jino lililong'olewa siku ya soko, miaka mingi iliyopita? Atasema amerogwa. Atamtazama shangazi yake, au jirani mliyegombania mpaka wa shamba. Tumeziona nyumba ambazo maneno ya namna hiyo yameingia, na ndugu hawaliani tena msibani. Koleo la sokoni halitajwi kabisa. Bwana yule anaendelea kuwa na jina jema, wala hasemi uongo: yeye mwenyewe hajui.

Kwa upande mwingine, yule aliyengoja kwenye benchi mpaka saa nane hapati malipo yanayoonekana. Anarudi nyumbani na shavu limevimba na siku imepotea. Ugonjwa ambao hakuupata hawezi kuwaonyesha jirani zake. Tunakiri kwamba kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha kila siku, siku moja iliyopotea ni chakula cha watoto. Kwa hiyo hatupendi kuwasikia wasomi wakiwacheka watu wanaokwenda sokoni kana kwamba ni wajinga. Wanapiga hesabu, ila katika hesabu yao tarakimu moja imefichwa.

Sisi Wakatoliki wa Kongo tunayo sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili bila kiburi. Katika mwaka 1976, huko Yambuku, katika jimbo la Équateur la siku zile, palikuwa na hospitali ya misioni yenye vitanda 120, iliyotunzwa na masista waliotoka Ubelgiji. Watu walitembea mbali sana kuifikia, maana dawa zilikuwapo na masista walikuwa na huruma. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kwa kazi yote ya siku, kwa wagonjwa wa nje, kwa waliolazwa na kwa mama wajawazito. Kati ya mtu na mtu sindano ilisuuzwa katika bakuli la maji ya vuguvugu. Jioni, mara nyingine, zilichemshwa. Ndipo ukaingia ugonjwa ambao dunia ilikuwa haijaujua jina, nao ukaitwa Ebola kwa jina la mto wa upande ule. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Katika wafanyakazi 17 wa hospitali walikufa 11, masista pia. Waganga walipofuatilia habari za wagonjwa, waliona wengi wao walichomwa sindano pale hospitalini kabla ya kuugua, na katika wale walioambukizwa kwa sindano hakupona hata mmoja.

Hatuandiki haya kwa kuwahukumu marehemu. Walitoa maisha yao, na mabomba matano ndiyo waliyokuwa nayo. Lakini ni vizuri tukumbuke kwamba mkono wenye upendo na sindano yenye damu ya mwingine vinaweza kukutana katika chumba kimoja, na ugonjwa hauulizi nani alikuwa na nia njema. Chumba cha meno ni ndugu ya chumba cha sindano. Kila jino linalong'olewa linatoa damu, na kila dawa ya ganzi inaingia kwa sindano. Ile dawa inakuja katika kichupa kidogo cha kioo, kiasi cha mililita 1.8, na mara nyingi mgonjwa mmoja hakimalizi. Katika nchi yenye shida kama yetu ni majaribu makubwa kuitunza nusu iliyobaki kwa mgonjwa anayefuata, na kubadilisha sindano tu. Sista hakubali, kwa maana wakati wa kuchoma damu kidogo inaweza kurudi nyuma mpaka ndani ya kichupa. Nusu ile inatupwa. Tulimwona akiitupa, na tulijua bei yake.

Na mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya maskini tu. Katika Tulsa, mji wa jimbo la Oklahoma katika Marekani, mwaka 2013 wakaguzi waliingia katika chumba cha daktari mmoja wa meno wakakuta vyombo vyenye kutu, na otoklavu ambayo kwa miaka sita haikupimwa kama inaua au haiui, ingawa ilipasa kupimwa kila mwezi. Wagonjwa wapatao 7,000 waliandikiwa barua waende wakapimwe damu. Baadaye ilithibitishwa kwamba mgonjwa mmoja alipata homa ya ini C kutoka kwa mgonjwa mwingine wa chumba kilekile. Na katika Italia, mwaka 2011, bibi mmoja wa miaka 82 alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Kijidudu kilitoka katika maji ya mashine ya meno, ndani ya mipira myembamba ambamo maji yanalala usiku kucha na kuota utelezi. Chumba chetu hakina mashine ya namna hiyo, lakini mapipa ya maji tunayo, na Sista anataka yasuguliwe kila juma na kufunikwa.

Siku ile tuliona pia kwamba mambo mengi yanategemea mkono tu. Mtu anaweza kuwa na vyombo vilivyopikwa vizuri kabisa, kisha akiwa amevaa glavu zenye mate akashika simu yake, akavuta droo, akarekebisha taa, halafu akarudi kinywani. Sista anavua glavu baada ya kila mgonjwa, ananawa, anavaa nyingine. Taa ameivika kipande cha plastiki kinachobadilishwa. Na sindano iliyotumika harudishi kifuniko chake kwa mikono miwili, kwa maana hapo ndipo wauguzi wanapojichoma. Mtu akijichoma na sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini B, naye hana chanjo, watu kati ya 6 na 30 katika kila mia wataambukizwa. Kwa ukimwi, ambao wengi wetu tunauita sida, ni kama watatu katika kila elfu. Ndiyo sababu Baba Vyombo na wenzake wote walichanjwa homa ya ini mara tatu, naye kadi yake ameitundika ukutani karibu na saa.

Neno moja kwa mama wenye watoto wachanga, kwa kuwa halituachi na amani. Huko Uganda, Tanzania, Ethiopia na katika nchi zetu za Maziwa Makuu kuna desturi ya kumchimba mtoto ufizi anapokuwa na homa au kuhara, kwa kusema kwamba ana meno mabaya, yale yanayoitwa ya plastiki. Wanachimba kwa kisu, au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Kile cheupe wanachokitoa na kuwaonyesha wazazi si mdudu wala plastiki. Ni jino la mtoto lenyewe, changa, ambalo halijapata kutoka. Na spoku ile imetoka katika baiskeli, baiskeli imetoka njiani, na njiani ndipo mbegu za pepopunda zinapokaa. Mtoto anayehara anahitaji maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo, na dispanseri. Tafadhali, mama, msikubali.

Watu wengine wametuuliza kama ni adabu kumwuliza mganga juu ya vyombo vyake. Wanaogopa kwamba atakasirika na kuwang'oa kwa hasira. Sisi tulimwona mama mzee mmoja, mgonjwa wa kumi na mbili siku ile, akikaa kitini na kufunga kinywa chake kabisa.

"Sista, mwanangu," akasema, "usikasirike. Chuma hicho kimetoka wapi?"

"Sikasiriki, mama. Tazama." Sista akamletea kifurushi kikiwa bado kimefungwa, akamwonyesha mistari myeusi juu ya ukanda, kisha akakifungua mbele yake.

"Na yule kijana aliyenitangulia, chake kiko wapi?"

"Cha kwake kiko katika beseni, kwa Baba Vyombo."

"Na glavu?"

Sista akacheka, akainua mikono yake. Alikuwa bado hajazivaa. Akazitoa katika boksi, akavaa, na mama akafungua kinywa. Mahali pengine mganga angeweza kujibu vibaya, hilo tunalijua. Lakini mwenye kujibu vibaya swali la namna hiyo amekwisha kukupa jibu, na mlango uko wazi.

Tangu baada ya Pasaka mashirika matatu ya parokia yamekubali kupeleka gunia moja la makala kila mwezi kwa chumba cha nyuma, kwa zamu, ili siku za kukosa umeme chungu kisikose moto. Sista ameomba pia vitambaa vya pamba vya zamani, vilivyofuliwa, kwa kufungia vyombo. Nailoni haifai, mvuke haupiti. Chumba cha meno kinafunguliwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wanane wanaofika kwanza hawangoji, kwa kuwa vyombo vyao vimepikwa jana yake jioni. Wengine wote wale kwanza nyumbani, na wachukue kazi ya mkono au kitabu, kwa maana chungu cha pili hakifunguliwi kabla ya saa tano na nusu, hata mlango ukigongwa.